Kabla ya Mechi Kuna Safari

Hotuba iliyotolewa Kalemie mbele ya viongozi wa vijana na wajumbe wa komite za amani wanaotayarisha safari ya mashabiki kwenda Nyunzu



Mliniomba niseme juu ya michezo na amani. Maneno hayo mawili yamekwisha kuandikwa pamoja kwenye mabango mengi sana katika nchi yetu, na mara nyingi maana yake ni hii: leteni mpira, leteni jezi, vijana wacheze, na amani itafuata yenyewe. Mimi siamini hivyo. Mpira peke yake hauna moyo mwema wala moyo mbaya. Tunakumbuka Butembo, Septemba 2008: mechi ya Nyuki na Socozaki, golikipa akashutumiwa kwamba anatumia uchawi, ugomvi ukaingia uwanjani, polisi wakaingia kati, watu wakakimbilia milango, na zaidi ya kumi wakafa kwa kukanyagana. Tunakumbuka Kinshasa, Mei 2014, Vita Club na TP Mazembe katika uwanja wa Tata Raphaël: watu 15 wakafa. Hao wote hawakwenda vitani. Walikwenda kutazama mpira.

Kwa hiyo leo sitasema sana juu ya mechi. Nitasema juu ya safari ya kwenda kwenye mechi: nani anaandika orodha ya majina, kamio linapakia wapi, nani anashika pesa, nani anaketi karibu na nani, mnarudi saa ngapi. Mnatayarisha safari ya Nyunzu, vijana Waluba na vijana Watwa pamoja, na sisi wote tunajua yaliyopita kati ya jamii hizo mbili katika Tanganyika tangu 2013. Mimi naona kwamba kazi yenu iko zaidi katika ile orodha kuliko katika dakika 90 za mchezo.

Mfano wangu unatoka mbali, tena katika mchezo ambao sidhani kama kuna mtu humu ndani amewahi kuucheza. Ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, hoki ya barafuni. Nipeni subira kidogo, mtaona kwa nini.

Mji ni Belfast, katika Ireland ya Kaskazini, ambayo iko chini ya serikali ya Uingereza. Kwa muda wa miaka 30 hivi, tangu mwisho wa miaka ya 1960 mpaka mapatano ya amani ya tarehe 10 Aprili 1998, zaidi ya watu 3,500 waliuawa katika vita vile. Upande mmoja ni Wakatoliki, ambao wengi wao walitaka nchi iunganishwe na Jamhuri ya Ireland. Upande wa pili ni Waprotestanti, ambao wengi wao walitaka kubaki na Uingereza. Wasiowajua husema walipigania dini. Lakini hawakupigania Misa wala ubatizo. Walipigania nchi, kazi, nyumba, na nani awe mkubwa wa nani. Hayo tunayajua hata sisi.

Watu hawa wana ngozi moja na lugha moja ya kila siku. Lakini wanatambuana upesi. Jina linatosha: Seán ni wa huku, Billy ni wa kule. Ukitaja shule uliyosoma, wamekwisha kujua. Hata herufi H: kwa kawaida Wakatoliki wanaitamka kwa kuvuta pumzi mwanzoni, Waprotestanti bila pumzi. Mtu anaweza kutaja herufi za jina lake mbele ya karani, na karani akajua anaabudu wapi. Nasema hivi kwa sababu orodha ya abiria ni orodha ya majina, na kule, kama huku, hakuna jina lisilo na upande.

Sasa, walikuwa na mpira wa miguu, tena wanaupenda sana. Kwa nini mpira wa miguu haukuwaunganisha? Nitatoa visa viwili, na vyote viwili vinahusu kusafiri kwenda kucheza kwa wengine.

Cha kwanza ni cha mwisho wa Desemba 1948. Timu ya Belfast Celtic, iliyopendwa na Wakatoliki, ilikwenda kucheza na Linfield, timu ya Waprotestanti, kwenye uwanja wa Linfield. Mchezo ulipokwisha, watu waliingia uwanjani wakampiga mshambuliaji wa Belfast Celtic, Jimmy Jones, mpaka mguu wake ukavunjika. Na huyo Jones mwenyewe alikuwa Mprotestanti! Hawakuangalia dini yake, waliangalia jezi yake. Mwaka 1949 Belfast Celtic ikajitoa katika ligi, wala haikurudi tena.

Cha pili ni cha Derry City, timu ya mji wa Derry. Septemba 1971 timu ya Ballymena United ilikwenda kucheza kule, basi lake likatekwa na kuchomwa moto. Baada ya hapo timu nyingine zikakataa kwenda. Derry City ikalazimishwa kucheza mechi zake za nyumbani katika mji wa Coleraine, yaani mwenyeji naye akawa msafiri kila juma. Oktoba 1972 ikaondoka katika ligi, na ilipopata ligi tena, mwaka 1985, ilikuwa ligi ya Jamhuri ya Ireland, ng'ambo ya mpaka. Basi moja lililochomwa liliharibu kazi ambayo mechi elfu haziwezi kuitengeneza.

Kuna jambo la tatu, ambalo si la zamani. Kati ya Ireland ya Kaskazini na Scotland kuna bahari nyembamba, na meli zinavuka kila siku. Huko ng'ambo, katika mji wa Glasgow, kuna timu mbili kubwa: Celtic, iliyoanzishwa na mtawa wa Kiirish ili kuwasaidia maskini Wakatoliki, na Rangers, timu ya Waprotestanti. Kwa miaka mingi maelfu ya watu wa Belfast na vijiji vyake wamepanda meli kwenda kuzitazama. Wakatoliki wanapanda mabasi yao katika mitaa yao, Waprotestanti mabasi yao katika mitaa yao. Meli inaweza kuwa moja, bahari ni moja, na mji wanaokwenda ni mmoja. Lakini safari zao ni mbili. Mtu anaweza kusafiri namna hiyo miaka 40 asile hata mkate mmoja na jirani yake wa mtaa wa pili.

Sasa tufike kwenye barafu.

Mwaka 2000, miaka miwili baada ya mapatano, timu mpya ya hoki ilianzishwa Belfast. Iliitwa Belfast Giants, maana yake Majitu ya Belfast, kwa ajili ya hadithi ya kale ya jitu la Ireland. Mchezo wenyewe ni hivi: watu sita kila upande pamoja na golikipa, wamevaa viatu vyenye visu chini, wanateleza mbio juu ya barafu, na kwa magongo marefu wanapiga kisahani kigumu cha raba. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Na mtashangaa, maana katika mchezo huu wachezaji wawili wakikasirika wanaweza kutupa glovu na kupigana ngumi mbele ya watu wote. Refa anawaacha kidogo, halafu anawatenganisha, na kila mmoja anakwenda kuketi dakika tano kwenye kibanda cha adhabu. Nimesikia wajenzi wa amani wakilalamika kwamba huo si mfano mzuri. Mimi nasema ugomvi unaokwisha kwa dakika tano, mbele ya mashahidi, na adhabu sawa kwa wote wawili, si mbaya kuliko mingi tunayoijua.

Faida kubwa ya hoki pale Belfast ilikuwa kwamba haikuwa ya mtu. Babu wa nani aliipenda? Babu wa nani aliichukia? Hakuna. Wachezaji wengi walikuwa Wakanada, hawakujua mtaa upi ni wa nani. Ukumbi mpya, Odyssey, ulijengwa kando ya mto Lagan, karibu na katikati ya mji, ambapo watu wa pande zote wanafika bila kupita katika mtaa wa wengine. Rangi ya jezi ikachaguliwa kwa akili. Kule kijani ni rangi ya upande mmoja, na buluu na ya chungwa ni za upande mwingine. Majitu wakavaa rangi ya maji ya bahari, iliyo kati ya kijani na buluu, mtu asiweze kuidai. Uongozi ukasema jezi za mpira wa miguu zisiingie ukumbini, maana jezi ya Celtic au ya Rangers ni bendera tu iliyoshonwa mikono. Wimbo wa taifa haukupigwa kabla ya mechi, kwa sababu upande mmoja ungesimama na mwingine ungekaa. Na wakachukua neno la timu, kwamba katika nchi ya Majitu watu wote ni sawa.

Lakini sikilizeni jambo ambalo wengi hawalikumbuki. Msimu ulianza Septemba 2000, na ukumbi ulifunguliwa Desemba. Miezi ya kwanza timu haikuwa na nyumba, ilicheza ugenini tu. Aliyetaka kuipenda tangu siku ya kwanza ilibidi avuke bahari. Kwa hiyo ushabiki huu ulianzia safarini kabla haujawa na viti nyumbani. Nami naona hilo liliwasaidia.

Na safari haikuisha hapo. Majitu ndiyo timu pekee ya kisiwa cha Ireland katika ligi yao. Timu nyingine zote ziko ng'ambo: Scotland kuna Glasgow, Dundee na Kirkcaldy, Wales kuna Cardiff, na England kuna Nottingham, Sheffield, Coventry, Manchester na Guildford. Kila mechi ya ugenini ni kuvuka maji.

Tutazame basi shabiki anavyopanga. Ratiba inatoka wakati wa kiangazi, ligi inaanza Septemba. Anachukua kalamu anatafuta mwisho wa juma wenye mechi mbili zilizo karibu, ili nauli moja imwonyeshe michezo miwili. Jumamosi Glasgow, Jumapili Kirkcaldy, kwa mfano, kati yake ni chini ya kilomita 100. Au Sheffield na Nottingham, ambazo nazo ni jirani. Mwenye mapenzi ya historia atachagua Kirkcaldy kwanza, maana timu ya pale, Fife Flyers, ilianzishwa mwaka 1938, na ukumbi wake ni wa mwaka huohuo.

Halafu njia. Kwa ndege ni upesi, lakini ukikawia kununua tiketi bei inapanda, na kundi la watu 40 halipati viti kirahisi. Kwa meli kutoka Belfast mpaka Cairnryan, Scotland, ni mwendo wa saa mbili na dakika kumi na tano hivi, halafu basi linatembea kama kilomita 140 mpaka Glasgow. Kwenda England kuna meli ya Liverpool, saa nane majini. Ninyi watu wa ziwa hamna haja ya kuelezwa juu ya upepo. Ligi inachezwa wakati wa baridi, bahari ile inachafuka, na meli inaweza kuzuiwa. Kwa hiyo mpangaji mwenye busara anajiuliza kabla hajakusanya pesa: meli isipoondoka, pesa zinarudi kwa nani? Tukikwama ng'ambo Jumapili usiku, nani anasubiriwa kazini Jumatatu asubuhi, nani ameacha watoto wadogo nyumbani?

Mtaona kwamba maswali hayo hayana Ukatoliki wala Uprotestanti. Lakini ili kuyajibu inabidi watu waelezane maisha yao. Mama mmoja anasema hawezi kulala ng'ambo kwa sababu ya mzazi mgonjwa. Kijana mwingine anasema mshahara wake unatoka tarehe fulani, aruhusiwe kulipa mara mbili. Kazi ya kupanga inawatoa siri ndogondogo ambazo mkutano wa upatanisho, wenye viti vya duara na chai, unaweza kuzitafuta siku tatu bila kuzipata.

Halafu mahali pa kupandia basi. Katika Belfast hili ni swali zito. Barabara ya Falls ni ya Wakatoliki, barabara ya Shankill ni ya Waprotestanti, zimekaribiana, na kati yao kuna ukuta mrefu uliojengwa kuwatenganisha. Milango yake mingine hufungwa usiku. Basi likianzia Falls, watu wa Shankill hawaji. Likianzia Shankill, wa Falls hawaji. Hakuna mtu atakayesema "siji kwa sababu ya mtaa". Atasema ana kazi, atasema anaumwa. Orodha itapungua kimyakimya, na mpangaji atafikiri watu hawapendi mchezo. Basi likianzia mahali ambapo kila mtu anaweza kusimama gizani na begi lake bila hofu, wanakuja.

Na vitambulisho. Kwa mapatano ya 1998, mtu wa Ireland ya Kaskazini ana haki ya kujihesabu kuwa Mwingereza, au Mwairish, au vyote viwili, na kushika pasipoti kufuatana na hayo. Kuvuka kwenda Scotland au England hawahitaji viza, ila kampuni za ndege na za meli zinaweza kutaka kitambulisho chenye picha. Kwa hiyo kwenye mstari mmoja, watu waliovaa jezi moja wanatoa pasipoti za nchi mbili. Karani anaangalia picha, anaangalia uso, anasema pita. Hakuna anayetolewa kwenye mstari. Kwetu sisi ambao tumeona kwenye bariere mtu akishushwa kwa sababu ya jina lililo kwenye kadi ya uchaguzi, hicho si kitu kidogo.

Kisha wanafika. Hapa naomba mnisikilize zaidi, maana hili ndilo linaloitofautisha mechi ya ugenini na ya nyumbani. Nyumbani unaweza kuketi saa mbili na nusu karibu na mtu usiyemjua, mkapiga makofi pamoja, ukarudi kwenu bila kujua jina lake. Kila mmoja ana mtaa wake wa kurudia usiku uleule. Ugenini hamna mtaa. Katika ukumbi wa Glasgow kuna maelfu wanaoimba kinyume chenu, nanyi ni safu chache tu kwenye pembe. Watu wa pale hawawauliza kama mnatoka Falls au Shankill. Kwao ninyi nyote ni "watu wa Belfast", na wakiwazomea wanawazomea wote sawasawa. Mtu aliyezoea kuitwa kwa upande wake, kwa mara ya kwanza anaitwa kwa mji wake, na jirani yake wa ng'ambo ya ukuta anaitwa hivyohivyo.

Na ni Glasgow hiyohiyo! Ni mji uleule ambako baba zao walikwenda kwa mabasi mawili.

Kuna pia desturi nzuri ya mwisho wa msimu. Kwa miaka mingi fainali za ligi yao zimechezwa Nottingham, timu nne kwa siku mbili. Mashabiki wananunua tiketi hata timu yao ikiwa imekwisha kutolewa. Wanakuja wamevaa jezi za timu zote, mpaka za timu zilizokufa zamani, wanachanganyika viti na wanataniana. Polisi hawawatenganishi kwa uzio kama kwenye mpira wa miguu. Shabiki wa Belfast anapanga safari hiyo miezi mingi kabla, wala hajui kama timu yake itakuwepo.

Sasa nisiwadanganye. Hoki haikuondoa ukuta hata mmoja. Mwaka 2013 serikali ya Ireland ya Kaskazini iliahidi kwamba kuta zote za namna ile zingeondolewa ifikapo 2023. Mwaka ule umepita na kuta zimebaki. Tena mchezo huu ni wa pesa: tiketi, nauli ya meli, chumba cha kulala. Kijana asiye na kazi, anayekaa karibu kabisa na ukuta, ambaye ndiye aliyerushiwa mawe na kurusha, mara nyingi siye anayepata nafasi katika basi lile. Na kuna jambo la tatu linalonisumbua zaidi. Kukataza bendera na nyimbo ni kuzuri, lakini kunyamaza si kupatana. Watu wawili wanaweza kusafiri pamoja miaka 20, wakajua chai ya mwenzao ina sukari ngapi, wasijue kwamba mmoja wao alimpoteza kaka yake katika vita vile. Wengine wanasema afadhali hivyo. Mimi nasema kunyamaza ni mlango, na mtu anaweza kusimama mlangoni muda mrefu kama nje kuna mvua. Ila asiseme ameingia nyumbani.

Basi, Nyunzu.

Sisi hatuna mchezo usio na mtu. Mpira wa miguu una wenyewe, na kila timu ina jina, na jina lina historia. Hatuwezi kuiga barafu. Lakini yale ya orodha na basi tunaweza, nami nitasema wazi ninavyoona, ninyi mtakataa au mtakubali.

Orodha isiandikwe na mtu mmoja. Iandikwe na wawili, Mluba na Mtwa, kwenye daftari moja, si daftari mbili za kuunganishwa baadaye. Nimeona tabia yetu: tunachagua watu 30 "wa huku" na 10 "wa kule" halafu tunaita hiyo ni mchanganyiko. Wale kumi wanajua kwamba wamealikwa. Mgeni katika kamio la mwenzake hana neno la kusema kamio likiharibika njiani. Wawe pia katika kupanga, na wao pia washike pesa. Mnaogopa kuwapa pesa? Basi hapo ndipo mazungumzo yaanzie, kabla ya kununua mafuta.

Mahali pa kupakia: msiweke mbele ya nyumba ya shefu wa upande mmoja, hata kama ana kiwanja kikubwa. Tena msiweke kwenye ofisi ya shirika, kwa sababu watu watafikiri ni kazi ya kulipwa, na siku shirika likiondoka safari zitakoma. Tafuteni mahali ambapo Mtwa anauza kuni na Mluba ananunua, ambapo wote wamezoea kusimama.

Jezi za wachezaji zipo, lakini mashabiki wavae nini? Kitambaa kidogo cha rangi moja kwa wote kinatosha. Msitumie rangi za chama cha siasa, hata mheshimiwa akijitolea fulana 200 za bure. Hasa akijitolea fulana 200 za bure.

Nyimbo. Hapa Belfast walikataza, nami sitaki tukataze kila kitu, maana kamio lisilo na nyimbo ni mzigo tu. Lakini kuna nyimbo ambazo sisi tunajua ziliimbwa lini na kwa ajili ya nani. Akina mama wanazijua vizuri zaidi. Akina mama wawili wa pande mbili wakubaliane kabla ya safari zipi zibaki nyumbani.

Chakula kipikwe katika sufuria moja. Sisemi zaidi, ninyi mnajua kwa nini, na mnajua nani kwa miaka mingi alipewa chakula chake kando, katika sahani yake ya peke yake. Kama hili haliwezekani safari hii, heri kuahirisha safari kuliko kwenda kula mbele ya watu wa Nyunzu katika vikundi viwili.

Vitambulisho: kila mtu aje na kadi yake. Na vijana wengi Watwa hawana kadi. Hilo lazima lisemwe leo, si kwenye bariere. Barua moja yenye majina yote, imesainiwa na ofisi ya vijana na michezo, itembee pamoja na kamio. Na tukubaliane sasa hivi: mmoja wetu akishushwa, kamio linasimama, hakuna anayeendelea. Mkiona hamwezi kuahidi hivyo, mjue kwamba Mtwa ameshajua kuwa hamwezi, na ndiyo maana hajaandika jina lake.

La mwisho ni kurudi. Watu wote wanapanga kwenda, hawapangi kurudi. Mkishinda, furaha yenu itapita vijiji vingapi kabla ya kufika nyumbani? Mkishindwa, nani atatafutwa wa kulaumiwa? Tumesikia golikipa wa Butembo alivyoshutumiwa. Golikipa wenu ni nani, na ni wa upande gani? Afadhali mlale Nyunzu, kama wenyeji wanaweza kuwapokea, na mgawane nyumba bila kuchagua. Wenyeji wa kule waulizwe mapema. Mgeni wa ghafla ni mzigo, na nyumba zao hazina nafasi sana. Wao nao wana komite yao, na mjumbe wao yupo hapa pamoja nasi, atasema baada yangu.

Daftari liko mezani kwa katibu. Mpaka asubuhi hii lilikuwa na majina 26, na kati ya hayo manne tu ni ya Watwa. Naomba tusitoke kwenda kula kabla hatujaulizana kwa nini ni manne, na tuanze kwa kuwasikiliza hao wanne.